Katikati ya Zulia

Mkono uliomkamata Bi. Tolley begani mle ukumbini, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa amefumba macho na amevaa viatu visivyo vyake, haukuwa wa mwizi. Haukuwa wa polisi pia, wala wa marehemu yeyote wa ukoo, kama baadhi yenu mlivyotuandikia wiki nzima tangu sehemu iliyopita ya hadithi hii. Ulikuwa mkono wa Ledi Maud Fanshawe, na ulikuwa ndani ya glavu.

Ledi Maud ni mwandani wa Binti Mfalme Honoria. Kazi yake ni kukaa karibu naye, kumsomea barua, kumshikia maua, na kucheka anapocheka. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na hajawahi hata siku moja kuwa wa kwanza kucheka.

Tolley alifumbua macho. Alijua yamekwisha.

Siri aliyoibeba mwaka mmoja na nusu ilikuwa moja tu, na waliijua watu wawili: yeye mwenyewe, ambaye ni mvishaji wa nyumba ile, na bibi anayemtumikia. Binti Mfalme Honoria, shangazi yake Mfalme, mwenye miaka sabini na mbili, haoni. Haoni hata mwanga wa dirisha. Kila ilipokaribia hafla, Tolley alitangulia ukumbini asubuhi na viatu vipya vya bibi yake miguuni, akafumba macho, akahesabu hatua, kisha akapanda juu kumweleza. Hakuna aliyeshangaa kumwona na viatu vile, kwa kuwa kila mvishaji huvaa viatu vya bibi yake siku mbili tatu ili vilainike. Lakini nani analainisha viatu akiwa amefumba macho, mikono imenyooshwa mbele, anahesabu kwa sauti?

"Bi. Tolley," alisema Ledi Maud. "Tazama miguu yako iko wapi."

Tolley akatazama. Miguu yake ilikuwa juu ya zulia jekundu.

"Katikati," alisema Ledi Maud. "Katikati kabisa."

Hapo Tolley alielewa, na nusura acheke. Katika Jumba la Ashcombe watumishi hupita ukingoni mwa mazulia. Katikati pana wenyewe, na wenyewe ni wa damu ya kifalme tu. Ledi Maud alikuwa amemkuta mwanamke akipapasa gizani kama kipofu, na alichokiona yeye ni zulia.

Tolley angemshukuru Mungu wake kwa ujinga ule, kama si jambo moja. Kabla tu ya kukamatwa, kidole chake cha mguu kilikuwa kimegonga kitu. Jukwaa ambalo Binti Mfalme angepanda saa tano siku hiyohiyo, mbele ya wageni mia mbili na wapiga picha wa magazeti, lilikuwa na kipandio kimoja mwaka juzi, mwaka jana, na jana jioni.

Asubuhi hii lilikuwa na viwili.

Kesi iliendeshwa wakati wa kifungua kinywa, mbele ya figo za kukaanga za Sir Godfrey Lisle.

Sir Godfrey ndiye msimamizi mkuu wa nyumba. Ni mtu mfupi anayetembea kama anayebebwa. Aliendelea kula huku Ledi Maud akieleza, na Tolley alisimama pale karibu saa nzima akisikiliza wazee wawili wakijadiliana mguu wake ni wa idara gani. Ledi Maud alisema viatu ni mali ya chumba cha mavazi, kwa hiyo kosa liko chini yake. Sir Godfrey alisema zulia ni mali ya nyumba, kwa hiyo kosa liko chini yake. Likaja suala la mguu wenyewe, uliokuwa ndani ya kiatu na juu ya zulia kwa wakati mmoja, na hapo ikabidi kitabu cha kanuni kiletwe.

"Nataka kuwa na hakika," Sir Godfrey alisema, akijifuta mdomo. "Kisigino nacho kilikuwa katikati, au vidole tu?"

"Mguu mzima," alisema Ledi Maud.

Sir Godfrey akaweka uma chini. Hukumu ilikuwa kwamba Tolley haingii ukumbini leo, wala hapandi kwa Binti Mfalme kuanzia saa hiyo, na Ijumaa anaondoka. Nafasi yake itachukuliwa na kijakazi wa Ledi Maud, msichana anayeitwa Finch ambaye hupumua kwa mdomo.

Tolley alifungua kinywa aseme juu ya kipandio. Sir Godfrey akainua kidole. Mtumishi aliyehukumiwa hasemi mpaka aulizwe, na hakuna aliyemuuliza.

Baadaye seremala ndiye aliyemweleza. Katika picha ya gazeti ya mwaka jana, kofia ya muuguzi mmoja ilikuwa imekifunika kichwa chote cha Sir Godfrey. Yeye mwenyewe aliikata ile picha akaipeleka kwa seremala, akamwambia jukwaa liinuliwe usiku, baada ya watu kuondoka, na jambo hilo lisijadiliwe.

Sasa, wasomaji, mtauliza inawezekanaje mwanamke awe kipofu mwaka mmoja na nusu katika nyumba yenye watumishi thelathini na mmoja na isijulikane. Inawezekana sana. Wawili kati yao hupima kwa rula umbali wa uma kutoka ukingo wa meza. Mmoja hutia ufunguo saa za ukutani, na hafanyi kingine. Mmoja hupiga pasi magazeti. Na wote, wakubwa kwa wadogo, hufundishwa siku ya kwanza kwamba Binti Mfalme akiingia unainamisha macho, na ukiondoka unaondoka kinyumenyume ukiwa bado umeyainamisha. Barua husomewa, na zamani pia alisomewa. Chai humiminiwa, na zamani pia alimiminiwa. Watu thelathini na mmoja wameajiriwa kumtunza mwanamke mmoja, na hakuna aliyewahi kumtazama usoni.

Ikijulikana, mahali pake ni Harrock. Hilo ni jumba lililoko Northumberland, kaskazini kabisa, la mawe na unyevu, ambako ukoo huwapeleka wazee wake kupumzika. Binamu yake Honoria alipelekwa kule akiwa na meno yake yote na akili zake zote. Hakuna aliyemtembelea kwa miaka minne. Kisha jeneza likaletwa London kwa treni, na ndipo ukoo wote ukafika stesheni na maua.

Honoria alishamwambia Tolley kwamba yuko tayari kufa, lakini hayuko tayari kupumzishwa.

Saa tatu na nusu Tolley alipanda kwa ngazi za nyuma.

Njia ilikuwepo moja. Katika glavu ya kushoto ya bibi yake, ndani, kwenye mshono wa kidole gumba, Tolley alizoea kushona mafundo madogo ya uzi. Kila fundo lilikuwa kipandio kimoja. Glavu za leo zilikuwa na fundo moja, alilolishona jana mchana kwa moyo mweupe. Likiongezwa la pili, Binti Mfalme atalisikia kwa ncha ya kidole na ataelewa.

Mlangoni alisimama Hobday, kama kabati. Huyu ni mtumishi wa mlango, mtu mzima, mwenye soksi nyeupe na vifungo vya shaba.

"Nimeambiwa usipite, Bi. Tolley."

"Sipiti. Nataka glavu ya kushoto."

"Ya kushoto tu? Ya kulia imekukosea nini?"

Tolley alimwambia mshono umefumuka. Hobday alifikiri kwa muda mrefu, kwa sababu hakuwa na mazoea ya kufikiri. Aliambiwa asimpitishe mtu, na glavu si mtu. Lakini Ledi Maud akiona, je?

Tolley akamuuliza Ledi Maud humwitaje.

"James," alisema Hobday. "Watumishi wote wa mlango kwake ni James. Miaka kumi na moja sasa." Akatazama huku na huku kwenye korido. "Naitwa Albert."

Akaingia ndani. Alitoka na glavu imelala kiganjani mwake, na Tolley akashona pale pale, amejiegemeza kwenye ukuta, akajichoma sindano mara mbili. Hobday akairudisha. Dakika tano nzima Tolley aliamini kwamba dunia ina haki.

Kisha mlango ukafunguliwa na Hobday akatoka tena, safari hii na glavu zote mbili, amezibeba kama mtu aliyeokota ndege aliyekufa.

Ledi Maud alikuwa amepita mbele ya trei. Vidole vya glavu ya kushoto, ambavyo kwa kanuni huelekea mlangoni, vilikuwa vimeelekea dirishani. Akasema zimeguswa. Akaagiza jozi nyingine itolewe kabatini, mpya, ambayo haijawahi kuvaliwa na haina uzi wa ziada hata mmoja.

"Basi mwambie kwa mdomo," Tolley alimsihi. "Mwambie tu, vipandio ni viwili. Ataelewa."

Uso wa Hobday ukawa mweupe kuliko soksi zake. Alikuwa tayari kuiba. Hilo aliliweza. Lakini miaka kumi na moja hajawahi kumwambia Binti Mfalme neno ila ndiyo, Mtukufu.

"Mimi sianzi kuzungumza naye, Bi. Tolley. Anaanza yeye. Akiniuliza nitasema."

"Atakuulizaje jambo asilolijua?"

Hobday alikiri kwamba hapo pana ugumu, akarudi kusimama.

Saa nne na nusu wauguzi kumi na mmoja walipangwa kwenye korido, nje ya ukumbi, kila mmoja na sare iliyopigwa pasi mpaka inalia. Hawa ndio waliokuja kuvishwa nishani. Tolley alikuwa miongoni mwao, amepiga magoti, kwa sababu korido si ukumbi na hakuna aliyekumbuka kumkataza.

Kazi yake pale hakuna mwingine aliyeitaka. Kila muuguzi hutiwa kulabu ndogo kifuani, vidole vinne chini ya bega la kushoto, ili Binti Mfalme asihangaike na pini. Yeye hutundika tu. Tolley mwenyewe, kama afanyavyo kila mwenye kazi hiyo, alikuwa amechomeka kulabu mbili za akiba kifuani kwenye gauni lake jeusi.

Wa kwanza katika orodha alikuwa Nesi Prosser, binti wa Wales mwenye mikono mikubwa, aliyewatoa wagonjwa saba katika wodi iliyowaka moto. Alimnong'oneza Tolley kwamba moto ule ulikuwa afadhali. Akauliza iwapo ni kweli Binti Mfalme ni mkali.

"Si mkali," alisema Tolley. "Wakali ni wale wanaomzunguka."

Saa tano kamili milango ikafunguliwa.

Mbele alikuwa Sir Godfrey, na fimbo nyeupe mkononi. Msimamizi mkuu humtangulia Binti Mfalme, lakini hampi mgongo. Kwa hiyo hutangulia kinyumenyume, uso kwake, macho yameinamia ncha ya viatu vyake. Sir Godfrey hujivunia sana mwendo huo. Inasemekana huufanyia mazoezi chumbani.

Nyuma yake Honoria, mrefu, amenyooka, kijivu chote, kichwa juu. Alipita katikati ya zulia bila kuyumba. Ledi Maud akafuata ukingoni, na Kapteni Dunne, ofisa wa nyumba, akiwa na nishani kumi na mbili juu ya mto, kumi na moja za wauguzi na moja ya akiba.

Tolley alisimama kizingitini, akahesabu pamoja na bibi yake. Hatua zote zilikuwa ishirini na mbili.

Kumi na tano. Kumi na sita. Angeita. Aliona wapiga picha wameinua mashine zao. Akiita, siri imetoka. Asipoita, mwanamke wa miaka sabini na mbili ataanguka kifudifudi mbele ya Uingereza nzima, na siri itatoka vilevile, na kesho kutwa yuko Harrock na nyonga iliyovunjika. Kumi na tisa. Tolley akavuta pumzi.

Aliyeanguka alikuwa Sir Godfrey.

Alipanda kipandio kimoja, kinyumenyume, kwa madaha ya miaka yote. Kisigino kikakutana na cha pili, alichokiagiza mwenyewe. Alikaa chini kwa kishindo, miguu juu, fimbo nyeupe ikabingirika ikaenda kulala miguuni pa askofu.

Hakuna aliyecheka. Wageni mia mbili walitazama dari.

Honoria alikuwa amesimama. Mguu mmoja ulikuwa umetangulia kidogo, kama wa mtu anayesikiliza. Gazeti moja liliandika kesho yake kwamba alisimama kwa huruma.

"Umeumia, Sir Godfrey?"

"Hapana, Mtukufu."

"Kipandio gani kimekuangusha?"

"Cha pili, Mtukufu."

"Ahsante," alisema Honoria, na akapanda, kimoja, viwili, akageuka, akawakabili wageni wake. Kule mlangoni Tolley aliuma ngumi yake asilie.

Lakini Sir Godfrey alikuwa bado chini. Na mtu aliyekaa sakafuni, wasomaji, hana pa kuinamishia macho. Kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile alitazama juu, moja kwa moja, kwenye uso wa bibi yake. Uso ulimtabasamia kwa upole. Ila haukumtabasamia yeye. Uliutabasamia mguu wa kiti, mahali ambapo sauti yake ilikuwa imetokea kabla hajajisogeza.

Alisogea kushoto. Macho hayakumfuata. Alisogea kulia.

Sir Godfrey aliinuka, na aliyeinuka hakuwa yule aliyeanguka. Alikuwa mtu aliyeokota kitu.

Akaichukua orodha kutoka kwa Ledi Maud, jambo ambalo si kazi yake, akasoma kwa sauti ya kengele: "Nesi Gwendolen Prosser." Na kwa mkono mwingine, chini ya karatasi, akampa ishara muuguzi pale mlangoni abaki hapo hapo.

Nesi Prosser akabaki.

Honoria akachukua nishani kutoka kwenye mto. Akainyoosha mbele, vidole vinne chini ya mahali ambapo bega lingekuwa. Akagusa hewa. Akasogeza mkono kidogo kwenda kushoto, taratibu, huku akitabasamu, na hewa ikawa ni ileile. Ledi Maud, kwa kanuni, alikuwa anatazama viatu. Wapiga picha hawakuwa na kanuni. Mmoja aliinua mashine yake jichoni.

Tolley alikimbia.

Alikimbia katikati ya zulia, ameshika gauni kwa mikono miwili, mbele ya askofu na mabalozi, akaruka vipandio vyote viwili, akasimama mbele ya mkono ule na kifua chake. Vidole vya Honoria viligusa kulabu. Vikasita. Vilikuwa vimegusa kitambaa kikavu cha mtumishi, si pamba ya sare, na vilikijua kitambaa kile kuliko vitu vyote duniani.

"Tolley," alinong'ona. "Kuna nini?"

"Amejua, Mtukufu."

Honoria akaitundika nishani, akailaza vizuri kwa kiganja, kama anavyofanya siku zote. Mwanga wa mashine ya picha ukamulika.

"Mtukufu," alisema Sir Godfrey, na alihakikisha anasikika mpaka viti vya nyuma, "nishani ya Nesi Prosser umempa nani?"

Honoria akageuza kichwa kuelekea sauti ile.

"Nimempa aliyekuja," alisema Honoria. "Lisome tena jina hilo, Sir Godfrey. Na safari hii lije na mtu wake."

Wageni walicheka, kicheko kile cha adabu ambacho hutolewa kwa mzaha wowote wa mwenye damu ya kifalme, uwe mzuri au mbaya. Mzaha huu ulikuwa mzuri. Shingo ya Sir Godfrey ikawa nyekundu mpaka masikioni. Nesi Prosser akaja, na wenzake kumi wakaja, na kila nishani ikaipata kulabu yake.

Saa saba na nusu mlango wa chumba cha Binti Mfalme ulifunguliwa na Hobday, akamwachia Tolley nafasi ya kupita.

"Mimi sijakuona," alisema Hobday. "Na katika nyumba hii hilo si ajabu."

Honoria alikuwa ameketi, glavu ziko mapajani. Tolley alimweleza haraka haraka. Sir Godfrey ameagiza gari la saa nane. Anakwenda kwa Mfalme. Ameshamwambia Ledi Maud, na Ledi Maud amelia, si kwa ajili ya bibi yake, amelia akisema mwaka mzima na nusu alichagua rangi za nguo kwa uangalifu mkubwa na kumbe alikuwa anajisumbua bure.

Honoria alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia achukue kalamu.

Alisema, na Tolley akaandika, hivi:

"Mwanangu. Mimi sioni. Ni mwaka mmoja na nusu sasa. Sir Godfrey Lisle anakuja kukwambia kwamba ameligundua leo. Muulize alikuwa anatazama wapi tangu mwaka jana. Ninataka kubaki nyumbani kwangu pamoja na Bi. Tolley. Wale wengine wote wachukue, ukipata pa kuwaweka."

Tolley aliinua kalamu. Alisema Mfalme akiisoma barua hii anaweza kumpeleka Harrock kwa maandishi yake mwenyewe.

"Anaweza," alisema Honoria. "Lakini Godfrey akifika kwanza, nitapelekwa kama mtu aliyekamatwa akidanganya. Mimi nikifika kwanza, nitakuwa shangazi yake. Niwekee mkono mahali pa sahihi."

Tolley akauweka. Honoria akatia sahihi kubwa, iliyonyooka.

Tatizo likabaki moja. Barua zote zinazotoka Ashcombe hutiwa katika sanduku jekundu, na ufunguo wa sanduku jekundu uko mfukoni mwa Sir Godfrey. Hakuna tarishi asiye wake. Kutembea mpaka kasri la Mfalme ni nusu saa, na gari lilikuwa limeshawashwa uani.

Tolley alitazama dirishani, akaliona lile gari. Akaingiza barua ndani ya gauni, akavaa koti lake jeusi na kofia yake nyeusi, akashuka ngazi za nyuma.

Pengelly, dereva, mzee wa Cornwall asiyeuliza maswali, alimwona akifungua mlango wa mbele na kuketi kando yake. Msafara wowote wa nyumba hizi huwa na mtumishi wa kubeba mkoba, naye huketi mbele. Pengelly alimtazama, akatazama nishani iliyochungulia katika ukosi wa koti lake, akatazama barabara.

"Funga kifungo cha juu," alisema.

Sir Godfrey alitoka dakika mbili baadaye, amebadilisha kola. Mlango wa nyuma ulifunguliwa, akaingia, ukafungwa. Hakutazama mbele. Katika maisha yake yote hakuwahi kutazama nani ameketi mbele. Kati yao palikuwa na kioo, na kupitia kioo Tolley alimsikia akiyapima maneno yake, mara kwa sauti nzito, mara kwa sauti laini. "Ni kwa masikitiko makubwa, Mfalme." Kisha, "Ni kwa masikitiko yasiyo na kifani."

Tolley aliyajua mambo mawili. Sir Godfrey ataingilia mlango mkuu, na mlango mkuu una vyumba vitatu vya kusubiri, kila kimoja na ofisa wake na daftari lake la wageni. Mtumishi huingilia mlango wa jikoni, na kutoka jikoni mpaka kwa mvishaji wa Mfalme, aliyekuwa mwanafunzi wake Tolley katika kazi hii, ni korido moja tu. Ilimbidi tu avuke lango.

Gari likapunguza mwendo. Lango lile refu lilikuwa mbele yao, na askari akaja na karatasi mkononi, maji ya mvua yakimdondoka kwenye kofia. Pengelly akateremsha dirisha, akamtajia jina la Sir Godfrey Lisle wa Ashcombe.

Askari akapitisha kidole kwenye karatasi yake.

"Sir Godfrey ninaye," alisema. "Nimeandikiwa mgeni mmoja na dereva." Akainama, akachungulia ndani. "Huyu mama ni nani?"

Pengelly alitazama barabara. Nyuma kabisa ya shingo ya Tolley, kioo kilianza kuteremka.